Hakimu Hayumo Chumbani: Ni Nani Anayemlinda Shahidi?

Alasiri moja nilikuwa nimekaa barazani karibu na Mkunguni, hapa Lamu mjini, nahodha mmoja akanijia na simu mkononi nimsomee barua. Miaka miwili nyuma alichukua wageni kwenda kuogelea Manda Toto, na mama mmoja Mmarekani akateleza akishuka mashuani, akavunjika mguu. Mama yule aliporudi kwao aliishtaki kampuni ya huko huko iliyomuuzia safari. Sasa mawakili walimtaka nahodha atoe ushahidi kwa njia ya video, akiwa hapa hapa Lamu.

Kabla sijamaliza kusoma akaniuliza, "Mwalimu, kwani mimi nimeshtakiwa?"

Baraza zima likawa na jibu. Mmoja alimshauri aifunge ile namba asiiguse tena. Mwingine akamwambia Marekani ina mkono mrefu, watamfuata mpaka Mokowe. Wa tatu, mtu mzima wa heshima zake, akasema, "Wewe wajibu ndiyo kwa kila wanalouliza, yaishe." Huo ushauri wa tatu ndio ulionitia hofu, maana ndio unaofuatwa na mashahidi wengi, wenyewe wakidhani ni njia ya salama.

Nahodha hakuwa ameshtakiwa. Ile ni kesi ya madai: yuko mdai anayetaka fidia, na yuko mdaiwa anayekataa kulipa. Shahidi hayumo kati yao. Ameitwa aeleze aliyoyaona kwa macho yake na kuyasikia kwa masikio yake, basi. Kosa lililo karibu naye ni moja, kusema uongo kwa makusudi akiwa amekula kiapo. Kwa Kenya, Kanuni ya Adhabu imeliwekea kosa hilo kifungo cha hadi miaka 7, na Wamarekani nao hawalichezei.

Kitu alichoitiwa Wamarekani wanakiita dipozisheni. Ni ushahidi wa mdomo unaotolewa kwa kiapo kabla kesi haijasikilizwa, nje ya mahakama, mara nyingi ofisini kwa wakili, na siku hizi sana kwa video. Wanakuwepo mawakili wa pande zote mbili, ofisa wa kuapisha, na mwandishi anayenukuu kila neno linalotamkwa. Asiyekuwepo ni hakimu, na kwangu mimi hapo ndipo penye fundo la jambo lote.

Sisi hapa tumezoea vingine. Kanuni za Kenya za mwenendo wa kesi za madai za mwaka 2010, katika Amri ya 18, zinataka shahidi asikilizwe kwa mdomo, katika mahakama ya wazi, mbele ya jaji na chini ya usimamizi wake mwenyewe. Wakili akivuka mpaka, jaji yupo, anamrudisha. Shahidi akichoka, jaji anamwona. Chumba cha dipozisheni hakina jicho hilo, kwa hiyo Wamarekani wamelazimika kuziandika kanuni zao kwa namna ambayo karatasi ifanye kazi ya hakimu.

Mtu atauliza kwa nini basi wanafanya hivyo. Kwetu, mdai anapofungua kesi huambatanisha orodha ya mashahidi wake na taarifa zao za maandishi zilizotiwa sahihi, na mdaiwa hufanya vivyo hivyo na utetezi wake. Siku ya kusikilizwa ikifika, kila upande umekwisha kusoma watakayosema mashahidi wa upande wa pili. Kule Marekani sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kujuana inafanywa na dipozisheni. Wakili anataka kujua shahidi ana nini kifuani, na pia anataka kumfunga kwa maneno yake, ili akibadilisha kauli siku ya kesi asomewe aliyoyasema mwanzo. Ndiyo maana lile "ndiyo, yaishe" ni hatari. Haliishi. Linaandikwa.

Ngao za karatasi

Kanuni ninazozieleza ni za mahakama za shirikisho za Marekani, hasa Kanuni ya 30. Majimbo yana zao, zinazofanana na hizi kwa mengi na kutofautiana kwa machache.

Kwanza lazima notisi itolewe kwa maandishi, kwa muda wa kutosha, ikitaja siku, saa na mahali. Mtu hashtukizwi. Ofisa wa kuapisha hawezi kuwa jamaa, mwajiriwa wala wakili wa upande wowote, wala mtu mwenye masilahi ya fedha katika kesi. Upande mmoja hauruhusiwi kuchukua dipozisheni zaidi ya 10 bila idhini ya mahakama au makubaliano, wala kumwita mara ya pili shahidi aliyekwisha kuhojiwa.

Kisha kuna muda, na huu nahodha aliupenda: siku moja, saa 7, basi. Mapumziko ya chakula na ya haja hayahesabiwi ndani yake. Mahakama inaweza kuongeza muda kwa sababu ya maana, na kuwepo kwa mkalimani ni mojawapo, kwa kuwa kila swali linasemwa mara mbili. Nilimwambia akumbuke pia tofauti ya saa. Saa tatu asubuhi ya New York, majira yao ya joto, ni saa kumi jioni hapa Lamu. Majira ya baridi ni saa kumi na moja. Magharibi na Isha zote zitamkuta yuko mbele ya kamera. Aombe mapema apumzike kwa ajili ya sala, na asione haya kuomba. Desturi ni kwamba swali likishaulizwa hujibiwa kwanza, ndipo watu wakapumzika.

Linalowachanganya watu kupita yote ni pingamizi. Katika mahakama ya Malindi wakili akisimama kupinga swali, shahidi ananyamaza mpaka jaji aamue. Katika dipozisheni hakuna wa kuamua. Wakili anasema anapinga, pingamizi lake linaandikwa, na shahidi anajibu vilevile! Jaji ataliangalia baadaye, na akiona swali halikufaa anaweza kulikataa jibu lisitumike. Pingamizi lenyewe linatakiwa liwe fupi, lisiwe hotuba wala ishara ya kumfundisha shahidi la kusema. Sababu za wakili kumwambia shahidi asijibu kabisa ni tatu tu: kulinda siri inayotambuliwa na sheria, kama ile ya wakili na mteja wake, kutekeleza mpaka uliokwisha kuwekwa na mahakama, au pale anapotaka kupeleka ombi mahakamani mahojiano yasimamishwe.

Hili la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na kumwita hakimu aingie chumbani. Mahojiano yakiendeshwa kwa nia mbaya, au kwa namna ya kumuudhi, kumwaibisha au kumwonea shahidi kupita kiasi, shahidi mwenyewe au mmoja wa wadaawa, yaani mdai au mdaiwa, anaweza kudai yasimame mpaka mahakama iamue. Na kabla hata ya siku yenyewe kufika, shahidi anaweza kuiomba mahakama amri ya kumlinda: isiulizwe habari fulani, wasihudhurie watu fulani, au isifanyike kabisa.

Nahodha alikuwa na swali lililo chini zaidi ya hayo yote: je, lazima aende? Hapo baraza lilikosea. Samansi ya mahakama ya Marekani haimfungi Mkenya asiye raia wala mkazi wa kule, aliyeketi Lamu. Ndani ya Marekani kwenyewe, shahidi wa kawaida kwa kanuni za shirikisho hatakiwi kusafirishwa zaidi ya maili 100 kutoka anapoishi au kufanyia kazi, isipokuwa ndani ya jimbo lake kwa hali maalumu. Wakitaka kumlazimisha mtu wa hapa, mahakama yao inapaswa kuiandikia barua ya maombi mahakama ya Kenya, na ni ya Kenya itakayomwita. Ile barua pepe ilikuwa ombi. Angeweza kukataa bila kosa. Alikubali kwa sababu alimhurumia yule mama, na kwa sababu, kwa maneno yake, hakuwa na cha kuficha.

Kisha nikamweleza jambo ambalo ningependa kila shahidi alijue, wa huku na wa kule. Wakili aliyekuandikia si wakili wako. Awe mpole vipi, akuite kaka mara ngapi, yeye ana mteja wake. Siri ya wakili na mteja ni ya mteja, kwa hiyo unayomwambia wewe kwenye simu usidhani yamefungiwa kabatini. Shahidi anayeona jambo linaweza kumgeukia, na nahodha mwenye mashua ana sababu ya kuwaza hivyo, ana haki ya kwenda na wakili wake mwenyewe. Gharama ipo, sikatai. Lakini saa moja ya ushauri kabla ya kuapa ni rahisi kuliko kesi baada yake.

Khalati yangu na shamba la Malindi

Ngao zetu za hapa niliziona kwa macho yangu. Khalati yangu, dada yake mama, aliitwa kutoa ushahidi Malindi, katika kesi ya shamba la minazi lililogombaniwa na majirani. Tulivuka asubuhi kwenda Mokowe, tukapanda basi kupitia Witu na Garsen. Nauli ilitoka kwa aliyemwita, na ndivyo kanuni zinavyotaka: anayeomba samansi huweka mahakamani fedha za kutosha nauli na matumizi ya shahidi. Wengi hawalijui hili, wakajilipia wenyewe, au wakabaki nyumbani kwa kukosa nauli na kuonekana wameidharau mahakama.

Alihojiwa kwanza na wakili aliyemwita, ambaye kwa kawaida haruhusiwi kumtilia maneno mdomoni. Kisha akaja wakili wa upande wa pili, yeye anaruhusiwa. Akamwuliza hili na lile, halafu, kwa sauti ya kejeli, akataka kujua ameolewa mara ngapi. Khalati akainama. Jaji akaweka kalamu chini, akamwuliza wakili swali hilo lina uhusiano gani na mnazi wowote ulioko shambani. Hakukuwa na jibu, na swali likafutwa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, inamtaka jaji akataze swali linaloonekana limekusudiwa kutukana au kuudhi, au lililowekwa kwa lugha ya kuumiza bila haja. Na wakili hatakiwi kumtupia shahidi tuhuma ya kumvunjia heshima kama hana msingi wa kuiamini.

Liko jambo moja ambalo sheria yetu na ya Marekani zinaachana kabisa. Kule, hata katika kesi ya madai, shahidi anaweza kukataa swali ambalo jibu lake linaweza kumtia hatiani kwa jinai. Kwetu, kifungu cha 128 cha Sheria ya Ushahidi kinasema hasamehewi kujibu kwa sababu hiyo, lakini jibu alilolazimishwa kulitoa haliwezi kutumiwa kumkamata wala kumshtaki, isipokuwa kwa kosa la kusema uongo katika jibu lenyewe. Wao wamempa shahidi kufuli. Sisi tumemwambia afungue mlango, nasi tutahakikisha hapigwi kwa kilichomo ndani. Mimi naiona ya kwetu ina busara yake, ila inafaa tu kwa shahidi anayejua ipo, na wangapi wanaijua?

Lakini hatari kubwa kwa khalati haikuwa yule wakili. Ilikuwa lugha. Mahakama za juu zetu huandika kwa Kiingereza, yeye akisema Kiswahili, na katikati yuko karani anayetafsiri. Wakili alimwuliza, "Siku ile ya kupima mipaka hukuwepo, sivyo?" Khalati akajibu, "Ndiyo." Kwetu maana yake ni: umesema kweli, sikuwepo. Ukiitafsiri kwa Kiingereza neno kwa neno, inageuka kuwa alikuwepo. Nashukuru jaji alikuwa mtu wa Pwani. Alimsimamisha wakili, akataka swali liulizwe upya bila kukanusha: ulikuwepo au hukuwepo?

Ukianza kuangalia, mitego ya namna hii haina mwisho. Khalati alisema jambo fulani lilitokea usiku wa Ijumaa. Kwa sisi tunaohesabu siku kuanzia Magharibi, huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao mtu wa bara atauita Alhamisi usiku. Alisema "ndugu yangu", na katika kesi za urithi neno hilo linaweza kumaanisha aliyezaliwa naye tumbo moja au mtoto wa ami yake, tofauti inayoweza kuhamisha nyumba nzima. Alisema "alimwambia", na Kiswahili hakikuonyesha kama aliyesema ni mume au mke. Karani akachagua mwenyewe. Kila kosa la namna hii likiingia katika kumbukumbu, baadaye linaonekana kama uongo wa shahidi.

Ndiyo maana ninaamini haki ya kusema "sikuelewa swali" ni ngao kubwa kuliko vifungu vyote nilivyotaja. Haimo katika hisani ya wakili. Ni ya shahidi, kila mahali. Pamoja nayo yapo maneno mengine mawili ambayo watu wetu huyaonea haya mbele ya wakubwa: "sijui" na "sikumbuki". Tumelelewa kwamba mkubwa akikuuliza umjibu, na kunyamaza ni utovu wa adabu. Mbele ya kiapo, kubahatisha ili kumridhisha muulizaji ndiko kunakomdhuru mtu.

Jambo hilo linaanza mapema, kwenye ile taarifa ya maandishi. Nimeona wazee wakitia sahihi taarifa za Kiingereza wasizoweza kuzisoma, kwa kuwa wakili kasema ni "yale yale uliyoniambia". Siku ya kesi mzee anaulizwa kama anaikubali taarifa yake iwe ushahidi wake, anakubali, kisha anahojiwa juu ya sentensi ambayo hajawahi kuisikia. Isomwe kwa Kiswahili, polepole, yote, kabla ya sahihi au dole gumba. Haraka ya wakili isiwe haraka ya shahidi.

Kitanda kikiwa ndicho kizimba

Tunayo dipozisheni ya kwetu, ila hatuiiti hivyo. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inairuhusu mahakama kutoa kamisheni, yaani kumteua mtu aende kumhoji shahidi mahali alipo. Fikiria mzee wa Kizingitini asiyeweza kuinuka kitandani, naye ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka mpaka wa shamba uliwekwa na nani. Kamishna anaweza kwenda kwake, mawakili wa pande zote wakawepo na kuuliza, na maandishi yakarudishwa mahakamani. Vilevile shahidi anayekaribia kusafiri nje anaweza kusikilizwa mara moja kabla ya zamu ya kesi. Na tangu Korona, mwaka 2020, kusikilizwa kwa video kumekuwa jambo la kawaida.

Nasikitika kwamba kamisheni haiombwi vya kutosha huku visiwani. Wazee wanazikwa na mipaka yao vichwani, na kesi zinabaki zikibishaniwa na vijana wasioiona hata siku moja.

Kwa kadhi mambo ni mengine kidogo. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu waliokubali mamlaka yake husikilizwa kwa kanuni za ushahidi za Kiislamu. Hata hivyo kifungu cha 6 cha Sheria ya Mahakama za Kadhi kinasema mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na kwamba jambo liamuliwe kwa kupima ukweli wa ushahidi, si kwa kuhesabu vichwa vya walioutoa. Nimekutana na wanawake hapa Lamu waliokataa kwenda kutoa ushahidi kwa kuamini hawatasikilizwa. Sheria imewafungulia mlango huo zamani.

Nahodha alitoa ushahidi wake jioni ya Jumanne, katika chumba kilichofungwa madirisha ili kelele za punda na muadhini zisiingie. Mkalimani naye aliapishwa. Alikuwa mtu wa bara, mwenye Kiswahili kizuri ila si cha baharini. Walisimama mara mbili kwa sala. Nahodha aliulizwa kama maji yalikuwa makubwa siku ile, naye akajibu kwamba yalikuwa maji mafu. Aliulizwa walifika saa ngapi, akasema saa tatu asubuhi. Mara nne alisema hakuelewa swali, na mara moja, baada ya kufikiri, alisema hajui.

Mwisho, kabla hawajafunga, alikumbuka tulilokuwa tumelizungumza, akasema kwamba anataka kuyasoma maandishi. Ombi hilo lisipotolewa kabla mahojiano hayajaisha, nafasi inapita. Likitolewa, shahidi anapata siku 30 tangu ajulishwe kuwa maandishi yako tayari, ayasome, na akiona pa kurekebisha aorodheshe mabadiliko na sababu zake, atie sahihi. Maandishi ya mwanzo hayafutwi. Marekebisho yanaambatanishwa, na mawakili wanaweza kumwuliza juu yake.

Tuliyasoma pamoja usiku mbili, mimi nikimtafsiria. Saa tatu asubuhi ilikuwa imeandikwa saa tisa ya alfajiri, kana kwamba alipeleka wageni Manda Toto gizani. Maji mafu yalikuwa yameandikwa kama maji machafu. Kwa lile la kwanza, katika nafasi ya sababu, tuliandika kwamba saa za Kiswahili huhesabiwa tangu jua kuchomoza. Kwa la pili alitaka kuandika mwenyewe. Akaeleza, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi, kwamba maji mafu ni yale yasiyojaa sana wala kukupwa sana, na kwamba siku hiyo bahari haikuwa na kosa.